Difu ya Explorer chini ya Cherokee ya 1996: shajara ya kazi

Machi 8

Shafti ya kulia ya difu ya nyuma ya Jeep Cherokee yangu imejisokota. (Difu ni tumbo la gia na mikono yake miwili, linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu; shafti ni vyuma vinavyoifikisha nguvu hiyo kwenye kila gurudumu.) Haikukatika, ndiyo maana nilirudi nyumbani bila kuvutwa, lakini leo nilipoichomoa nimeona meno yake ya mwisho, yale yanayoingia ndani ya difu, hayaendi tena sawasawa na shafti. Yamelala upande kama nyuzi za kamba iliyosukwa.

Wa kulaumiwa ni mimi. Cherokee hii ilizaliwa na matairi ya 225/75R15, kimo chake inchi 28 na kitu. Mimi nimeivisha ya inchi 33, nimeiinua inchi 4 na nusu, nimeifungia propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) yenye krosi, yaani viungo vya kupinda, mbili upande wa transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), kisha nikaenda kuipandisha kwenye mawe kwa gia nzito huku gurudumu moja la mbele likining'inia hewani. Difu ya Dana 35 iliyoko nyuma haikutengenezwa kwa ajili ya fujo hiyo.

Jioni nimepiga hesabu. Injini ya lita 4.0 hutoa msokoto wa Nm 305 hivi. Giaboksi ya AW4 kwenye gia ya kwanza inauzidisha mara 2.80, transfa ya NP231 kwenye gia nzito mara 2.72, difu mara 3.55. Jumla ni mara 27, yaani zaidi ya Nm 8,000, na hapo sijagusa nyongeza ya torki konvata, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi. Magurudumu ya mbele yakikosa pa kukanyaga, karibu mzigo wote unahamia nyuma, kwenye vyuma viwili vyenye unene wa inchi 1.18 kila kimoja. Kilichonishangaza si kwamba shafti imejisokota. Kilichonishangaza ni kwamba ilichukua miaka miwili.

Machi 11

Nimeamua: siinunui shafti nyingine ya aina ile ile. Ningekuwa nimeahirisha tu.

Njia zilikuwa tatu. Kuna Dana 44, ambayo ilifungwa kwenye Cherokee chache za mwishoni mwa miaka ya 1980. Nzuri, lakini kuipata ni kama kutafuta sindano gizani. Kuna Chrysler 8.25 ya kuanzia 1997, yenye shafti za meno 29, ambayo inaingia bila kuchomelea chochote. Mtu asiye na mashine ya kuchomelea, au asiyetaka kulala chini ya gari wikendi nane, achukue hiyo na asinisikilize mimi. Ya tatu ni Ford 8.8 kutoka kwenye Explorer ya 1995 hadi 2001. Hiyo ndiyo niliyoichagua.

Sababu zake ni hizi. Shafti zina meno 31 na unene wa inchi 1.32. Ukiziweka mezani pamoja na zile za zamani, tofauti haifiki mm 4, na mtu anaweza kukucheka. Lakini nguvu ya chuma cha mviringo kuhimili msokoto haipandi sambamba na unene wake, inapanda kwa kipeo cha tatu. Chuma kikiwa cha aina moja, tofauti hiyo ndogo inaongeza nguvu kwa asilimia 40 hivi. Krauni, lile gurudumu kubwa la meno ndani ya difu, ina kipenyo cha inchi 8.8 badala ya 7.5 na ushee. Breki ni za diski, tofauti na dramu nilizonazo. Bolti za gurudumu ni tano kwa mduara wa inchi 4.5, sawa na za Jeep, na hata uzi wake ni ule ule wa nusu inchi, kwa hiyo nati zangu zinaingia. Tundu la katikati la ringi zangu ni mm 71.5, kitovu cha Ford ni mm 70.6. Ni kama wahandisi wa pande mbili walikaa meza moja wakakubaliana, ingawa najua hawakukaa.

Miaka ni muhimu. Kabla ya 1995 difu hiyo ilikuwa na dramu. Kuanzia 2002 Explorer ya milango minne ikahamia mfumo wa kila gurudumu la nyuma kujitegemea, na hapo hakuna tena difu ya mikono miwili ya kuchomoa.

Machi 15

Yadi ya magari chakavu, kuanzia asubuhi hadi jua kali. Nilikuta Explorer nne. Ya kwanza difu ilishachukuliwa. Ya pili ilikuwa imegongwa ubavuni, na gurudumu la nyuma lilikuwa limeingia ndani. Mkono wa difu ukishapinda sina haja nao hata wakinipa bure. Ya tatu na ya nne zilikuwa nzima.

Kwenye bolti mojawapo ya kifuniko cha difu kuna kibati kidogo chenye maandishi. Nilikisugua kwa brashi ya waya. Ya tatu ilisema 3 73. Ya nne ilisema 3L55. Tarakimu ni uwiano wa krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni), na hiyo L katikati maana yake ni difu ya kubana: gurudumu moja likiteleza, pakiti ya diski ndogo za ndani inahakikisha jingine halikosi nguvu. Nusura nipige kelele. Difu yangu ya mbele ina uwiano wa 3.55, na gari la foo-wili lazima lilingane mbele na nyuma, la sivyo transfa inajitafuna yenyewe kila unapoifunga kwenye ardhi ngumu. Ningechukua 3.73 ningelazimika kufungua na difu ya mbele pia.

Kibati kinaweza kudanganya, maana magari haya yamepita mikononi mwa watu wengi. Kwa hiyo nilichora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye flenji ya pinioni (sahani inayofungiwa propela), nikazungusha. Gurudumu mzunguko mmoja, pinioni mitatu na nusu na chembe. Na gurudumu la upande wa pili lilifuata upande ule ule, ishara kwamba zile diski za kubana bado zina uhai.

Kushusha kulichukua saa tatu. Yubolti, bolti za umbo la U zinazofunga difu kwenye springi, zilikuwa zimeshikana na kutu hadi nikaacha spana nikachukua grainda. Jambo moja nilifanya vizuri siku hii: sikuchukua difu peke yake. Nilichukua kalipa (vibano vya breki) zote mbili na vishikio vyake, nyaya za breki ya mkono hadi mwisho wake, mpira wa breki, flenji ya pinioni na bolti zake nne, na kipande cha propela chenye krosi ili nijue ukubwa wake. Anayeacha vitu hivyo yadini hurudi kuvifuata, na akirudi havikuti.

Machi 16

Nimepima kutoka uso wa gurudumu hadi uso wa gurudumu: inchi 59 na nusu. Ya zamani inaizidi kwa karibu inchi moja, yaani nusu inchi kila upande. Kwa macho hutaiona. Mkono wa kushoto wa Ford ni mrefu kuliko wa kulia kwa inchi 3 hivi, kwa hiyo pinioni imekaa kulia kidogo ya mstari wa kati. Propela ya Cherokee ni ndefu kiasi kwamba pembe hiyo ya pembeni inamezwa.

Machi 22

Siku ya kufungua tumbo. Mafuta yalitoka meusi lakini bila vipande vya chuma, na yalikuwa na unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku, ambao ni wa kawaida.

Shafti za difu hii zinazuiwa kwa ndani na klipu za umbo la C. Ili uzitoe lazima uchomoe pini ya msalaba iliyo katikati ya gia ndogo, na pini hiyo inashikiliwa na kabolti kembamba ka inchi 5/16 kilichotiwa gundi ya uzi kiwandani. Kila aliyewahi kufungua difu hizi anakajua hako kabolti. Nami nilikuwa nakajua. Nilikapasha moto kidogo kwa tochi ya gesi, nikaweka spana polepole, nikasikia kinalegea, nikafurahi. Hakikuwa kinalegea. Kilikuwa kinakatika.

Nimefunga milango nikaenda kulala.

Machi 23

Keekee ya meno ya kushoto imeniokoa. Nilitoboa katikati ya kile kisiki kwa biti ndogo, nikapanda saizi, na kwenye biti ya tatu keekee ikakikamata na kukizungusha nje chenyewe, kwa sababu inazunguka kuelekea upande wa kufungulia. Kwa biti ya kawaida ningekuwa nakikaza. Saa tano za kazi kwa chuma kisichozidi urefu wa kidole gumba. Kabolti kapya kameshanunuliwa, viwili.

Machi 29

Shafti ya kushoto safi. Ya kulia ina tatizo: kwenye difu hii beringi ya gurudumu haina ringi ya ndani, roli zake zinatembea moja kwa moja juu ya shafti. Pale zinapotembea nilikuta vidoa vidogo vya kuliwa, unaweza kuvihisi kwa ukucha. Ukiweka beringi mpya juu ya shafti ya hivyo, mwezi haupiti itaanza kulia. Nimeagiza shafti nyingine. Beringi na sili za pande zote mbili zitakuwa mpya, ila sizifungi mpaka kuchomelea kuishe. Sili za mpira na moto hazijuani.

Kuhusu zile diski za kubana: kipimo ni kushika upande mmoja usizunguke na kuzungusha mwingine kwa spana ya kupimia msokoto. Nm 27 ndicho kiwango cha chini. Yangu iliachia kwenye 19. Kwa barabara ya lami usingejua, kwa mawe ungejua siku ya kwanza. Nimebadilisha pakiti nzima, nikaloweka diski mpya kwenye mafuta usiku kucha kabla ya kuzipanga. Ile springi ya umbo la S iliyo katikati niliitoa kwa kuigonga na koleo ya kubana, uso nimeugeuzia pembeni. Ina hasira.

Nilipima pia mchezo kati ya krauni na pinioni kwa saa ya kipimo: inchi 0.011. Unaoruhusiwa ni 0.008 hadi 0.015. Nilipaka meno rangi ya kupimia, nikazungusha, alama ikatua katikati ya jino. Krauni na pinioni sizigusi. Kitu kilichokaa pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini na bado kinaelewana kiachwe kilivyo.

Aprili 5

Leo ndiyo siku niliyokuwa naiogopa.

Udhaifu unaojulikana wa difu hii si krauni wala shafti. Ni mikono yake. Bomba la kila upande limesukumwa kwa nguvu ndani ya tumbo la chuma cha kusubu, likashikiliwa na madoa machache ya kuchomelea yaliyojazwa kwenye matundu. Chini ya Explorer inayopeleka watoto shule inatosha. Chini ya gari linaloruka na matairi ya inchi 33, tumbo linaweza kuzunguka na mikono ikabaki palepale, na hapo pinioni inatazama juu na propela inang'oka. Dawa ni kuchomelea mzunguko mzima pale bomba linapoingia.

Mimi nachomelea mabati na fremu, chuma cha kusubu sikigusi. Nilimwomba fundi mmoja mzee ambaye kazi hii ndiyo yake. Nilimwamkia, nikamwonyesha, nikamwambia nina mashine na waya tayari.

"Kijana wangu," akasema, "hiki hakichomelewi kama geti."

Akaniweka kwenye kusafisha kwanza. Nilidhani nilishasafisha. Alipopasha pale kwenye ungio, mafuta yaliyokuwa yamejificha kati ya bomba na tumbo kwa miaka yote hiyo yakaanza kutoka kama jasho. Tukafuta, tukapasha, tukafuta tena, mara nne, hadi kikaacha kutoa moshi. Kisha akarudisha vifuniko vya beringi za krauni mahali pake na kuvikaza, ili tumbo lisijivute likapinda likiwa tupu.

Akapasha tumbo polepole hadi zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, akipima pande zote. Rodi zake zilikuwa za nikeli. Alichomelea kipande kisichozidi inchi moja, akakigonga-gonga kwa kinyundo chenye ncha kingali chekundu, akahamia upande wa pili wa mzunguko, akachomelea kingine, akagonga. Nilimuuliza kwa nini asimalize upande mmoja kwanza. Akaniambia chuma cha kusubu hakinyooki wala hakivumilii kuvutwa. Kikipoa kwa pupa kinajipasua chenyewe kando ya mshono, na utasikia kwa masikio mlio wa "ting" ukiwa umeketi mbali. Kugonga kunaupa mshono nafasi ya kutanuka badala ya kuvuta.

Mikono miwili ilichukua mchana kutwa. Mwishoni aliifunga difu nzima kwenye blanketi la nyuzi za kuzuia joto na kunikataza kuifunua hadi kesho yake. Nilikaa nikisikiliza. Haikulia.

Aprili 6

Imepoa. Shafti zimeingia pande zote mbili kwa kusukuma kwa vidole viwili, bila kukwama. Mikono iko sawa.

Aprili 12

Vikalio vya springi. Vya Ford nilivikata na kusaga hadi bomba likawa laini. Vipya vimekatwa kwa bomba la inchi 3 na robo, ambalo ni nene kuliko la difu ya zamani, kwa hiyo na yubolti lazima ziwe pana zaidi. Umbali kati ya kikalio na kikalio niliuchukua kutoka kwenye difu ya zamani, sikuuamini mtandao wala kumbukumbu yangu.

Nikaipandisha difu chini ya gari kwa jeki mbili, nikakaza yubolti kiasi cha kushika tu, nikageuza pinioni hadi ikatazama transfa. Kwa propela yangu yenye krosi mbili upande wa juu, pinioni inatakiwa iangalie moja kwa moja mstari wa propela, ikipungua nyuzi moja au mbili, kwa sababu ukikanyaga mafuta springi zinajikunja na pua ya difu inainuka. (Propela ya kawaida yenye krosi moja kila mwisho ina sheria nyingine: pinioni iwe sambamba na shafti ya transfa. Watu wengi huchanganya hizi mbili na kisha wanalalamika gari linatetemeka.) Propela ilikuwa kwenye nyuzi 21. Nikaweka pinioni 19 na nusu. Nikatia madoa manne ya kuchomelea kila kikalio, nikajipongeza, nikashusha gari chini ili nione limekaaje.

Pinioni ilikuwa inatazama juu ya transfa, kwenye sakafu ya gari.

Nilikuwa nimepima gari likiwa juu ya stendi. Springi zilikuwa zinaning'inia, difu iko chini kuliko itakavyokuwa siku yoyote ya maisha yake, na propela imesimama wima kuliko kawaida. Gari likikaa kwa uzito wake, propela iko kwenye nyuzi 16. Nimejua jambo hili kwa miaka. Nimewahi kumweleza mtu mwingine jambo hili.

Aprili 13

Grainda. Madoa manane yamekatwa kwa dakika kumi, na ni bahati kwamba nilikuwa sijachomelea moja kwa moja.

Mara hii gari lilikaa kwa matairi yake manne kwenye sakafu iliyo sawa, tenki nusu, nikalitikisa kwa kusimama kwenye bampa ili springi zitulie. Jeki ndogo chini ya pua ya pinioni. Pinioni 14 na nusu. Kabla ya kutia doa la kwanza nilipima pia kutoka bolti ya mbele ya kila springi hadi kwenye mkono wa difu, kushoto na kulia. Tofauti ilikuwa mm 6, nikailegeza na kuisogeza hadi ikabaki mm 1. Bila hivyo gari lingetembea kimshazari kama kaa.

Madoa, kisha difu chini tena, kisha kuchomelea kikamilifu kwa vipande vifupi nikizunguka kutoka kikalio hadi kikalio ili joto lisikunje bomba. Nimechomelea na viegemeo vya shokapu siku hiyo hiyo. Rangi nyeusi. Beringi, sili, shafti, klipu, pini, kabolti kapya na gundi mpya.

Aprili 19

Propela. Krosi ya Ford ni kubwa kuliko yangu. Zipo krosi mchanganyiko, zenye vikombe viwili vya saizi moja na viwili vya nyingine, na nimefunga hiyo. Ila pua ya pinioni ya Ford ni ndefu, na propela iliingia ndani hadi ikabakiza mm 12 tu za kuteleza. Springi zikibanwa hadi mwisho ingegota na kuibomoa transfa. Nimepeleka ikakatwa na kusawazishwa. Sehemu hii naandika kwa ufupi kwa sababu kazi aliifanya mtu mwingine na aliifanya vizuri.

Aprili 26

Breki. Nilidhani itakuwa siku ya kufunga na kumaliza.

Mabomba mapya niliyapinda mwenyewe, nikabana ncha zake. Kwenye difu ya Ford, bolti inayoshika kile kitalu cha kugawa mabomba ya breki ndiyo hiyo hiyo tundu la difu la kupumulia. Ukiibadilisha kwa bolti ya kawaida difu haipumui, joto likipanda mafuta yanatafuta njia kupitia kwenye sili. Nimeiacha yake na kuiunganishia mpira mrefu hadi juu karibu na taa ya nyuma, maji yasiingie tukivuka mto.

Kisha kutoa hewa. Mdogo wangu alikaa kwenye usukani akikanyaga, mimi chini nikifungua na kufunga. Chupa ya kwanza ya mafuta ya breki ikaisha, pedeli bado inazama kama sponji. Ya pili. Nilianza kuilaumu masta silinda, pampu kuu ya breki. Nikakagua kila ungio kwa tochi, hakuna hata tone. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kufunga breki maishani, akateremka kunyoosha miguu, akachungulia, akauliza, "Kaka, kwani kale katundu ka kutolea hewa si kangekuwa juu?"

Kalikuwa chini. Nilikuwa nimebadilisha kalipa, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Zinaingia bila shida yoyote, bolti zinakaa, kila kitu kinaonekana sawa, ila tundu la kutolea hewa linakuwa chini na hewa inabaki juu ndani ya silinda ikitucheka. Tulizibadilisha. Dakika ishirini baadaye pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe. Sitasikia mwisho wa habari hii nyumbani.

Limebaki suala la mgawanyo. Vali ya Cherokee ilipangwa kwa dramu nyuma, na diski zinahitaji shinikizo kubwa zaidi kuliko dramu ili zifanye kazi ile ile. Nimeondoa ubanaji wa nyuma kwenye vali ya kiwandani na kuweka vali ya kurekebisha kwa mkono kwenye bomba la nyuma. Nimeanza nayo ikiwa imefungwa zaidi. Nyuma ikitangulia kujifunga kabla ya mbele, gari linageuka, na sitaki kujifunza hilo kwa vitendo.

Mei 3

Mafuta ya 75W-140 pamoja na chupa ndogo ya kiungio (dawa ya kuchanganya kwenye mafuta) cha diski za kubana. Bila kiungio hicho diski hunata na kuachia kila unapokata kona, na difu hulalamika kwa mngurumo. Nimejaza hadi yakaanza kuchungulia tundu la kujazia.

Saa kumi jioni gari limetoka nje kwa mara ya kwanza tangu Machi. Kilomita 5 za mwanzo polepole, dirisha wazi, redio imezimwa. Kimya. Nikapanda hadi 80, hakuna mtetemo. Nilikuwa nimejiandaa kusikia mlio wa krauni, ule wa kupanda na kushuka ukikanyaga na kuachia mafuta, haukuja.

Kisha uwanja mtupu wa changarawe na majaribio ya breki: 40 kwa saa, kanyaga. Mbele zikajifunga, nyuma bado zinazunguka. Robo mzunguko wa vali. Tena. Robo nyingine. Kwenye jaribio la sita nyuma zilijifunga kidogo kabla ya mbele, nikarudisha nusu mzunguko nikaiacha hapo. Gari sasa linasimama kwa kuchuchumaa, haliinami tena pua kama zamani.

Mei 10

Kilomita 160. Nimekaza yubolti upya, kila nati ikakubali karibu robo mzunguko, kwa hiyo nitarudia baada ya wiki. Sili zote kavu. Mshono wa nikeli nimeusugua na kuutazama kwa kioo cha kukuzia, hakuna ufa.

Jana nilirudi kwenye mawe yale yale, gia nzito, gurudumu la mbele hewani mahali pale pale. Nilikanyaga taratibu. Difu ilitoa mnong'ono mfupi wa diski zikibana, magurudumu yote mawili ya nyuma yakashika, gari likapanda. Ilichukua sekunde nne labda. Nilishuka nikatazama chini, sijui nilitegemea kuona nini.

Kinachobaki ni breki ya mkono. Nyaya za Ford nimeziunganisha na waya wa mbele wa Jeep kwa kipande cha bati nilichokikata mwenyewe, na kwenye mteremko mkali haishiki. Gari linateleza polepole kama linafikiria. Ndani ya kila diski kuna dramu ndogo yenye viatu vyake na gurudumu la kurekebishia. Nimerekebisha upande wa kushoto. Wa kulia umeganda, na mafuta ya kulegeza kutu yamelala humo tangu saa tatu asubuhi. Kwa sasa naegesha na jiwe nyuma ya tairi.